Waligombania Kura, Wakakubaliana Kipande

Ukimuuliza mtu aliyeipenda historia shuleni kwamba mwaka 1895 kulitokea nini Transvaal, jamhuri ya Makaburu (Wazungu wa asili ya Kiholanzi) kusini mwa Afrika, atakutajia Jameson. Desemba 29 mwaka huo Dakta Leander Starr Jameson alitoka Pitsani, Bechuanaland (Botswana ya leo), na wapanda farasi wasiozidi 600, akavuka mpaka kwenda Johannesburg kumwondoa madarakani Rais Paul Kruger kwa niaba ya wageni waliokuja kuchimba dhahabu. Hakufika. Januari 2 alizingirwa na kujisalimisha Doornkop, na fedheha ile ikamng'oa Cecil Rhodes, aliyekuwa nyuma ya mpango ule, kwenye uwaziri mkuu wa koloni la Cape.

Kuna jambo jingine la mwaka huohuo ambalo halisimuliwi sana kwa sababu halikuwa na farasi wala risasi. Bunge la Makaburu, Volksraad, lilipitisha sheria ya kipande, yaani kitambulisho cha lazima, kwa Waafrika wanaofanya kazi migodini. Rasimu yake haikutoka kwa Makaburu. Iliandaliwa na Chemba ya Migodi, chombo cha wenye migodi, na baadhi ya vigogo wa migodi hiyohiyo ndio waliokuwa wakiingiza bunduki Johannesburg kwa siri, zimefichwa ndani ya mapipa ya mafuta, wakijiandaa kumpindua Kruger. Kwa mkono mmoja walimpelekea sheria aipitishe, kwa mkono wa pili walimwandalia mapinduzi. Naye akaipitisha.

Nimeisoma habari ya Makaburu na wageni hawa kwa miaka mingi, na kila mara narudi kwenye mikono hiyo miwili. Ugomvi wao ulikuwa wa kweli, haukuwa maigizo. Lakini mipaka ya ugomvi wenyewe inaonekana vizuri zaidi pale walipoacha kugombana.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki neno kaburu lina uchungu wake. Wengi wetu tulilisikia redioni enzi za harakati za ukombozi, likimaanisha utawala wa ubaguzi wa Pretoria. Wengine walilijua kwa karibu zaidi, kwa familia za Makaburu zilizohamia Uasin Gishu mwaka 1908 na kulima mahali palipokuja kuitwa Eldoret, au zile zilizopewa ardhi na Wajerumani upande wa Meru na Arusha baada ya kushindwa vitani kwao. Kaburu wa mwaka 1886, hata hivyo, hakuwa mtawala mwenye majeshi na viwanda. Alikuwa mkulima na mfugaji mwenye Biblia, bunduki na gari la kukokotwa na ng'ombe, ambaye wazazi wake walihama Cape miaka ya 1830 kuukimbia utawala wa Waingereza, pamoja na uamuzi wa Waingereza hao wa kufuta utumwa. Kruger mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1825, aliifanya safari ile akiwa mtoto.

Waingereza waliwafuata. Mwaka 1871 almasi ya Kimberley ilipoanza kung'aa, Uingereza iliitwaa ardhi ile, ingawa jamhuri jirani ya Makaburu, Orange Free State, ilisema ni yake. Mwaka 1877 waliichukua Transvaal yenyewe, hazina yake ikiwa tupu. Makaburu wakashika silaha, wakawapiga Waingereza mlima Majuba Februari 1881, na nchi yao ikarudi, ingawa mkataba wa London wa 1884 uliiachia Uingereza kauli juu ya mikataba yao na mataifa ya nje. Kwa hiyo dhahabu ya Witwatersrand, ndani ya Transvaal, ilipogunduliwa mwaka 1886, kwenye shamba la Langlaagte, wapo waliosherehekea na wapo walioogopa. Kruger alikuwa na sababu ya kuwa miongoni mwa walioogopa. Alikwisha kuona kilichotokea Kimberley.

Ndani ya miaka kumi Johannesburg ilikuwa imeota kwenye nyika isiyo na mto. Sensa ya mwaka 1896 ilihesabu watu zaidi ya 100,000 mjini na kandokando yake, nusu yao Wazungu. Katika Wazungu hao, waliozaliwa Transvaal walikuwa elfu sita hivi tu. Wengine wote walikuwa Uitlander, neno la Kiholanzi la mtu wa nje. Walikuwemo wachimbaji wazoefu kutoka Cornwall, Uingereza, Waaustralia, Wamarekani waliobobea katika uhandisi wa migodi, Wajerumani, Wayahudi waliotoka Lithuania, na watu wa makoloni ya Waingereza ya Cape na Natal. Si haki kuwaweka wote kapu moja. Mchimbaji wa Cornwall aliyekuwa akivuta vumbi la mawe kifuani ili atume pauni chache kwao, na Lionel Phillips aliyeongoza Chemba ya Migodi, walikuwa wageni wote wawili kwa mujibu wa sheria, lakini hawakuwa na shida moja.

Fedha za serikali zilibadilika kupita kiasi. Mapato yasiyofika pauni 200,000 mwaka 1885 yalikaribia pauni milioni 4 kabla karne haijaisha, na sehemu kubwa ilitoka kwa wageni na migodi yao. Hapo ndipo lilipozuka swali la kura: mbona anayelipa kodi hana sauti? Mwaka 1882 mgeni alihitaji kukaa miaka mitano ili apate uraia na kura. Mwaka 1890 Kruger alibadilisha utaratibu. Aliunda baraza la pili, dogo, ambalo mgeni angeweza kulipigia kura baada ya miaka miwili, lakini kura ya rais na ya Volksraad yenyewe, penye maamuzi, ikasogezwa hadi miaka 14. Mgeni alitakiwa kwanza aukane uraia wake wa zamani, kisha angoje miaka mingi bila kura kamili ya nchi mpya. Na hata akiipata, kiti cha Volksraad kilikuwa cha Waprotestanti peke yao, Mkatoliki na Myahudi hawakuruhusiwa.

Nakiri kwamba hesabu ya Kruger ilikuwa sahihi. Katika uchaguzi wa rais wa 1898 kura zote zilizopigwa hazikufika 20,000. Mwaka uliofuata wageni walimwandikia Malkia Victoria ombi lililotiwa saini na zaidi ya watu 21,000. Sahihi za karatasi moja zilizidi kura za nchi nzima. Nchi ile ingewapa wageni kura leo, keshokutwa ingekuwa na rais mwingine, pengine na bendera nyingine. Kruger alipokutana na Alfred Milner, balozi mkuu wa Uingereza wakati huo, mjini Bloemfontein mwaka 1899, mzee alilia akisema wanachokitaka si kura, ni nchi yake. Milner aliidharau kauli ile, lakini barua za Milner mwenyewe zinaonyesha kwamba mzee hakukosea.

Malalamiko ya wageni nayo yalikuwa na mizizi. Serikali ya Pretoria iliendesha uchumi kwa kugawa hodhi, yaani ruhusa ya kampuni moja kuuza bidhaa fulani peke yake. Baruti ndiyo iliyowauma zaidi. Mwamba wa Witwatersrand hauchimbwi kwa beleshi, unapasuliwa kwa baruti, na baruti iliuzwa na mwenye hodhi mmoja kwa bei iliyokaribia mara mbili ya bei ya kawaida. Reli ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Kiholanzi iliyotoza nauli ya mizigo itakavyo. Shule za serikali zilifundisha Kiholanzi. Polisi wa Johannesburg walijulikana kwa rushwa. Mwaka 1897 tume ya Kruger mwenyewe, iliyoongozwa na Schalk Burger, Kaburu halisi, ilikiri kwamba malalamiko mengi ya migodi yana msingi. Kruger akaichukulia ripoti ile kama usaliti. Hapo alikosea, na kosa lile liliwanyamazisha Makaburu wenzake waliokuwa tayari kupatana.

Lakini turudi mwaka 1894, kwenye kisa ambacho naona kinafundisha kuliko uvamizi wa Jameson. Kaskazini mwa Transvaal, kwenye mlima Blouberg, serikali ya Kruger ilikuwa ikipigana na Malebogo, mtemi wa Wahananwa, ambaye watu wake walikataa kulipa kodi na kuhamishwa kwenye ardhi yao. Sheria ya Makaburu iliruhusu kila mwanamume Mzungu aitwe vitani akiwa na farasi na chakula chake. Safari hii hata wageni Waingereza waliitwa. Wakakataa, wengine wakakamatwa. Balozi mkuu wa Uingereza, Henry Loch, akasafiri mpaka Pretoria kuwatetea, na alipofika umati wa Waingereza ulimsindikiza kwa nyimbo na bendera mbele ya macho ya Kruger.

Hoja yao ilikuwa nini? Kwamba mtu asiye na kura hawezi kulazimishwa kwenda kufa kwa ajili ya serikali isiyo yake. Ni hoja yenye nguvu, naiheshimu. Ila katika kelele zote zile nimetafuta aliyesimama kuuliza ni kwa nini Malebogo anapigwa, sikumwona. Kama wageni wale wangekuwa na kura, wangepanda mlima kumpiga. Serikali ikaacha kuwaita, Waingereza wakashangilia ushindi, na Malebogo akazingirwa hadi kiu na njaa vikamshusha mlimani. Alipelekwa gerezani Pretoria. Mgogoro wa Makaburu na wageni uliisha kwa maafikiano, na maafikiano yale hayakugusa hata nyumba moja ya Wahananwa iliyochomwa.

Sasa tuingie mgodini, maana bila hesabu za mgodi kipande hakieleweki. Dhahabu ya Witwatersrand ni nyingi sana lakini imetawanyika. Tani nzima ya mwamba hutoa gramu chache tu, na kadiri unavyoshuka chini ndivyo gharama zinavyopanda. Mbinu ya kutenganisha dhahabu kwa kemikali ya sianidi, iliyoanza kutumika pale mwaka 1890, iliokoa migodi mingi, lakini haikuondoa tatizo. Bei ya dhahabu duniani ilikuwa imefungwa, kwa hiyo mwenye mgodi hakuweza kupandisha bei kama muuza sukari. Faida yake yote ilitegemea kupunguza gharama. Baruti na nauli ya reli zilikuwa chini ya Kruger na marafiki zake. Mishahara ya mafundi Wazungu haikuguswa kwa urahisi, wangeondoka au wangegoma. Ikabaki mishahara ya Waafrika.

Waafrika walikuwa karibu 100,000 migodini kabla ya vita, zaidi ya nusu wakitoka Msumbiji ya Wareno. Wengi walikuja kwa miguu, wakafanya kazi miezi kadhaa, wakarudi na fedha za mahari au za kodi. Mtu wa namna hiyo alikuwa na nguvu moja: kuondoka. Mgodi huu ukilipa vibaya au mnyapara akizidisha fimbo, anahamia mgodi wa jirani kunakolipa shilingi mbili zaidi. Wenye migodi walishindana kumvuta na mishahara ikapanda. Chemba ya Migodi, iliyoanzishwa mwaka 1889, ilitumia nguvu nyingi kuua ushindani huo. Mwaka 1896 iliunda shirika la pamoja la kuajiri, na kwa pamoja wanachama wake wakakubaliana kushusha mishahara. Lakini makubaliano ya mishahara hayana maana kama mfanyakazi anaweza kuondoka. Ndiyo maana wakahitaji kipande.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa neno hili. Babu zetu walivaa kipande shingoni, ndani ya kikasha cha chuma, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Robo karne kabla yao, Mwafrika aliyeingia eneo la migodi ya Transvaal alitakiwa avae mkononi bamba la chuma lenye namba, na apate mwajiri ndani ya siku tatu. Asiyekuwa nalo alikamatwa. Aliyeacha kazi kabla ya mkataba kuisha alikuwa mhalifu, akifuatiliwa kwa namba yake. Anayeacha kazi kwa sababu ya mshahara mdogo alihesabiwa sawa na mwizi.

Tena zipo kumbukumbu za malalamiko ya wenye migodi mbele ya ile tume ya 1897 kuhusu sheria hii. Hawakusema ni kali. Walisema serikali ya Kruger haiitekelezi ipasavyo, maofisa wake ni wazembe, Waafrika wanatoroka wapendavyo. Waliomtuhumu Kruger kwa kuwanyima uhuru walimtuhumu papo hapo kwa kushindwa kuwafunga wengine. Kruger naye, upande wa pili, hakuwa na kigugumizi chochote. Katiba ya nchi yake ya 1858 ilikwisha kuandika kwamba hapatakuwa na usawa kati ya mweupe na mweusi, kanisani wala serikalini.

Methali yetu ya tembo wawili na nyasi hutajwa sana kisa hiki kinapozungumzwa, nami naona haitoshi. Nyasi za methali huumia kwa bahati mbaya, kwa kuwa ziko chini ya miguu. Hapa mfanyakazi hakukanyagwa kwa bahati mbaya. Yeye ndiye aliyekuwa mali inayogombewa, na kila upande ulikuwa na mpango wake wa maandishi wa namna ya kumtumia baada ya ushindi.

Kushindwa kwa Jameson kulimpa Kruger miaka mitatu ya heshima asiyoitarajia. Katika uchaguzi wa 1893 alimshinda Piet Joubert, jenerali wa Makaburu, kwa tofauti ndogo sana, iliyoacha manung'uniko. Baada ya uvamizi, mwaka 1898, alipata zaidi ya theluthi mbili ya kura. Viongozi wa wageni waliohukumiwa kunyongwa, akiwemo Phillips na kaka yake Rhodes, aliwasamehe kifo kwa faini ya pauni 25,000 kila mmoja. Halafu Desemba 1898 polisi wa Kikaburu alimpiga risasi Tom Edgar, fundi wa Kiingereza, nyumbani kwake Johannesburg, mahakama ikamwachia polisi, na Milner akapata alichokuwa akikingoja. Mei 1899 alituma London simu ya maandishi iliyowafananisha maelfu ya raia wa Uingereza wa Transvaal na watumwa wa Sparta ya kale. Neno watumwa lilitumiwa kwa watu wenye vyumba vya kupanga, baa, magazeti na klabu ya Rand, ilhali nje ya mji walikuwepo watu waliofungiwa kwenye kampaundi za migodi, yaani mabweni yenye ua, na namba mkononi. Mimi siwezi kulisoma neno lile bila hasira.

Bloemfontein Milner alitaka miaka mitano ya ukaazi kwa kura, Kruger akatoa saba. Baadaye Kruger alishuka hadi mitano kwa masharti. Kwa tofauti ya namna hiyo watu wasiotafuta vita huwa wanaelewana. Oktoba 11, 1899 vita vikaanza.

Viligharimu Makaburu karibu 28,000 waliokufa kwenye kambi za Waingereza za wafungwa wa kiraia, wengi wao watoto, na sina neno la kulipunguzia uzito jambo hilo. Waafrika walikuwa na kambi zao, na huko nako walikufa si chini ya 14,000, ambao kwa miongo mingi hawakuwa na mnara wala kurasa. Waingereza waliosema wanapigania pia haki za wenyeji na za Wahindi waliweka saini mkataba wa amani wa Vereeniging Mei 31, 1902. Kifungu chake cha 8 kinasema suala la kura kwa wenyeji halitaamuliwa mpaka baada ya nchi kupewa serikali ya ndani, yaani mpaka Makaburu na wageni wa jana wawe wameketi pamoja bungeni. Swali la kura lililoanzisha vita lilifungwa kwa kifungu kimoja kilichohakikisha kwamba wengi wa wakazi hawatapiga kura. Sheria ya kipande ilibaki, safari hii ikisimamiwa vizuri. Mishahara migodini ilirudishwa chini zaidi kuliko ya kabla ya vita, na Waafrika walipokataa kurudi kwa shilingi 30 kwa mwezi, Milner aliagiza wafanyakazi kutoka China kuanzia mwaka 1904. Shirika jipya la kuajiri likatanda kusini mwa Afrika. Kwetu lilikuja kuitwa Wenela, na mkono wake ulifika mpaka nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika, ukachukua vijana kwenda kuchimba mwamba uleule hadi tulipopata Uhuru.

Nirudi kidogo nyuma, siku chache kabla ya risasi ya kwanza. Migodi ilikuwa ikifungwa, wageni Wazungu wakigombania nafasi kwenye treni za kukimbilia Cape na Natal. Wafanyakazi Wazulu wapatao 7,000 walibaki Johannesburg bila kazi, bila chakula na bila treni. John Marwick, ofisa wa serikali ya Natal aliyeshughulikia mambo yao mjini, aliomba ruhusa kwa Makaburu awatoe kwa miguu. Walianza kutembea Oktoba 6, wakiwa kwenye mistari mirefu barabarani, waliochoka wakisaidiwa na wenzao, kuelekea mpaka wa Natal, mwendo wa siku kadhaa. Karibu na mpaka walikutana na jeshi la Joubert likisubiri vita. Mizinga ilikuwa mizito na kilima kirefu. Makaburu waliwachagua mamia kadhaa kati ya wale watembeaji, wakawafunga kamba za mizinga, wakaivuta hadi juu. Kisha wakawaruhusu waendelee na safari yao.